Mashine ya Sataranji kama Zana ya Kufundishia Udadisi

Utangulizi

Wanachuo wengi huamini kwamba zana bora ya kufundishia ni ile inayotoa jibu sahihi kwa haraka. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba zana ya namna hiyo yaweza kujenga akili au kuidumaza, kutegemea wakati ambapo mwalimu anaileta mbele ya darasa. Mfano wetu ni programu za kompyuta zichezazo sataranji, ambazo hapa tutaziita mashine, na kazi yake moja tu: kuchambua misimamo yenye utata mwanzoni mwa mchezo.

Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, hana haja ya kuanza na jambo geni kabisa. Drafti ya vizibo vya soda na bao ni michezo inayojulikana sehemu nyingi za nchi yetu. Na kwa jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, bao huitwa bawo. Katika bao la Kiswahili lenye kete 64, kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na anayenamua ovyo huingia katika mtaji akiwa amekwisha kudhoofika. Sataranji nayo ina tabia hiyo hiyo: kosa la hatua ya nne laweza kumaliza mchezo katika hatua ya saba.

Mashine hufanya nini?

Mashine hupima hatua nyingi mno pamoja na majibu yake, kisha hutoa tarakimu. Tarakimu chanya huonyesha kwamba upande mweupe una nafuu, na hasi kwamba upande mweusi ndio wenye nafuu. Uwezo wake hauna shaka: mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Siku hizi programu ya Stockfish, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008, hupatikana bila malipo, nayo yaweza kufanya kazi katika simu ya mkononi hata pasipo intaneti.

Hata hivyo, mashine husema hatua ipi ni bora. Haisemi kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo kazi ya mwalimu.

Mfano wa somo

Safu za ubao wa sataranji huitwa kwa herufi a hadi h, na mistari kwa tarakimu 1 hadi 8. Nyeupe inasogeza askari hadi e4, Nyeusi inajibu e5. Farasi mweupe anakwenda f3, farasi mweusi c6. Askofu mweupe anakwenda c4. Ndipo Nyeusi inaporusha farasi wake hadi d4. Sasa askari mweusi wa e5 hana mlinzi. Je, farasi mweupe amle?

Mwalimu afuate hatua hizi:

1. Wanafunzi wapange msimamo huo. Ubao waweza kuchorwa sakafuni kwa mkaa, na vizibo vikaandikwa majina ya kete.

2. Kila mwanafunzi aandike hatua anayoichagua, pamoja na sababu yake katika sentensi moja. Simu ibaki mfukoni mwa mwalimu.

3. Darasa lijadili. Wengi huenda wakachagua kumla askari, kwa kuwa ni chakula cha bure.

4. Mwalimu acheze chaguo hilo pamoja nao. Farasi anamla askari wa e5. Malkia mweusi anatoka hadi g5, akimtishia farasi huyo na askari wa g2 kwa pamoja. Tamaa inaendelea: farasi anakula f7, akitishia malkia na ngome. Malkia anakula g2. Ngome nyeupe inakimbilia f1. Malkia anakula e4 na kumshambulia mfalme. Askofu anarudi e2 kumkinga. Farasi mweusi anatua f3, na mfalme hana pa kukimbilia. Askofu hawezi kumla farasi huyo, kwani akiondoka e2 mfalme atabaki wazi mbele ya malkia.

5. Sasa mashine iletwe, iombwe kuonyesha hatua tatu bora badala ya moja. Darasa litaona kwamba kumla farasi wa d4 kunaipa Nyeupe nafuu. Askari mweusi akilipiza, Nyeusi inabaki na askari wawili katika safu moja, na hakuna kete yake kubwa iliyokwisha kutoka nyumbani.

6. Wanafunzi waeleze sababu hiyo kwa maneno yao wenyewe, kisha wachezeane msimamo huo bila mashine.

Hapa yanapatikana mafunzo mawili. Anayekula bila kutazama ananaswa. Lakini aliyetega naye hana haki ya kujisifu, kwani mtego wake unamfaa tu anapokutana na mlafi. Akikutana na mtulivu, yeye ndiye anayebaki na hali mbaya. Mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita hufanana na mtegaji huyo: swali likibadilishwa kidogo, hana la kusema.

Tahadhari

Mashine isipewe nafasi ya kusema kwanza. Mtoto akishaona jibu, haoni tena sababu ya kufikiri, na yule aliyekosea huona aibu badala ya kuona kosa lake. Tarakimu ya mashine isigeuzwe kuwa alama za mwanafunzi. Tena isisomwe kwa pupa, maana hubadilika kadiri mashine inavyotazama mbele zaidi. Mwalimu angoje hadi itulie. Wanafunzi waelezwe pia kwamba kutumia mashine wakati wa mashindano ni udanganyifu.

Shule isiyo na simu haijakosa somo, kwa sababu hatua nne za kwanza hazihitaji mashine. Phiona Mutesi, aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji ya mwaka 2010, alifunzwa na Robert Katende katika mtaa wa Katwe, Kampala, mahali pasipo na utajiri wa zana.

Hitimisho

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zetu zijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kutokana na wanayofanya wengine, kuyakubali, kuyakataa au kuyarekebisha. Mashine ya sataranji ni mmoja wa hao "wengine". Inajua mengi, lakini haimjui mtoto aliyeketi mbele ya ubao. Mwalimu ndiye anayemjua, na kwa hiyo ndiye anayepaswa kuamua ni lini mashine ifunguliwe na ni lini ibaki imefungwa.