Mlingoti unang'aa nje, unaoza ndani: Hivi ndivyo vanishi inavyotakiwa kupakwa

Jahazi likiwa katikati ya maji na kusi imeshika, tanga lote hubebwa na kitu kimoja: mlingoti. Ukikatika, foromali na tanga huwaangukia waliomo, na chombo hubaki kikisukwasukwa na mawimbi.

Mara nyingi si upepo peke yake unaouvunja. Mlingoti hukatikia mahali palipooza siku nyingi, chini ya vanishi ambayo bado inang'aa.

Ndiyo maana kwenye vyombo vya mbao, iwe Matondoni kule Lamu au Nungwi, Zanzibar, vanishi si urembo tu. Kazi yake ni kuzuia vitu viwili: maji na jua.

Mvua ni adui kuliko bahari

Wengi hudhani chumvi ndiyo inayoozesha mbao. Kumbe sivyo. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu hao hustawi zaidi kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mlingoti unaonyeshewa masika nzima unaweza kuoza kabla ya ubavu wa jahazi unaolala baharini kila siku.

Kuvu huhitaji unyevu. Mbao zikibaki na unyevu chini ya asilimia 20, hawapati nafasi ya kuanza kazi.

Njia kubwa ya maji ni ncha za mti. Mti ukiwa hai hupandisha maji kwa mirija midogo sana. Ukikatwa, mirija hiyo hubaki wazi juu na chini. Kileleni inanyonya mvua, na kitakoni inanyonya maji yaliyotuama ngamani. Mashimo ya misumari na skrubu nayo ni milango.

Jua la ikweta halina mchezo

Miale ya jua hupenya vanishi na kuharibu mbao zilizo chini yake. Vanishi hukosa pa kushika, inabanduka kidogo kidogo, halafu maji yanaingia kwenye mwanya. Yakishaingia hayatoki kirahisi, maana vanishi iliyobaki inayazuia. Hapo kinga inageuka mtego.

Hii ndiyo sababu vanishi ya fenicha haifai, hata kama bei yake inavutia. Ni ngumu na hupasuka mti unapotanuka na kusinyaa. Vanishi ya vyombo vya baharini hunyumbulika na huwekwa dawa ya kupunguza makali ya jua.

Hatua kwa hatua

1. Mlingoti ushushwe na ulazwe kivulini. Uoshwe kwa maji baridi kuondoa chumvi, kisha ukauke kabisa. Kupaka mti mbichi au wenye maji ni kufungia ugonjwa ndani.

2. Vanishi iliyobanduka ikwanguliwe yote. Msasa uanze na namba 80, halafu 120, umalizie 180, ukifuata urefu wa mti. Vumbi lifutwe.

3. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, nusu vanishi na nusu tapentaini, ili uzame ndani ya mti. Wa pili upunguzwe kidogo tu. Inayofuata ipakwe kama ilivyo koponi.

4. Kila mkono uachwe ukauke, kwa kawaida siku nzima, kisha upitishwe msasa laini wa namba 220 kabla ya mwingine. Mikono miwili haitoshi kwa jua la pwani. Inatakiwa sita hadi minane.

5. Ncha na mashimo yapewe mikono ya ziada. Kilele kinaweza kupakwa rangi nyeupe badala ya vanishi, kwa kuwa rangi huzuia jua vizuri zaidi.

Muda nao una maana. Jua la saa sita huleta mapovu, na umande wa jioni hufanya vanishi ipoteze mng'ao. Asubuhi baada ya umande kukauka ndiyo saa nzuri. Kwa msimu, kipupwe ni afadhali kuliko masika.

Sehemu zisizotaka vanishi

Pale foromali inaposuguana na mlingoti, vanishi haikai. Itakwanguliwa safari ya kwanza tu. Hapo hupakwa mafuta mazito ya mnyama, na hurudiwa kila yanapokauka.

Nyufa ndefu zinazofuata urefu wa mti ni za kawaida kwa mti mzima, lakini zisizibwe kwa kitu kigumu kama epoksi. Mti ukitanuka, kizibo hicho husukuma ufa uzidi kufunguka. Nta iliyochanganywa na mafuta ni bora, kwa kuwa husogea pamoja na mti. Ufa unaokata mti kwa upana ni habari nyingine: mlingoti huo usipandishwe tanga.

Na sifa je?

Sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za jahazi tangu zamani, haiachi gamba la kubanduka. Mti hukauka wenyewe na kupaka tena hakuhitaji kukwangua. Ubaya wake ni kwamba haizuii jua sana, hivyo lazima irudiwe mara kwa mara.

Wapo wanaotumia mafuta ya kitani. Nayo hupenya vizuri, lakini kwenye joto na unyevu huota ukungu mweusi. Tahadhari: matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandazwe yakauke nje au yalowekwe majini.

Jinsi ya kujua muda umefika

Dondosha tone la maji juu ya mlingoti. Likisimama kama shanga, kinga bado ipo. Likinywewa, vanishi imekwisha.

Doa jeusi ni dalili kwamba maji yameshaingia. Hapo ncha ya kisu ibonyezwe taratibu: ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, suala si vanishi tena, ni mlingoti mpya.

Kwa jua la pwani, kusugua kidogo na kuongeza mkono mmoja au miwili kila baada ya miezi sita huokoa kazi ya kukwangua yote upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna pa kujengea.