Mhitimu wa Kiswahili na Soko la Ajira Nchini Kenya

Kwa muda mrefu, mhitimu wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya alihesabiwa kuwa mtu asiyeweza kukosa kazi. Imani hii haikuzuka bure. Tume ya Mackay ilitoa ripoti yake mwaka 1981, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Walimu walihitajika kwa wingi, nazo idara za vyuo vikuu zikajitwika jukumu la kuwatayarisha. Tangu hapo, katika fikira za wengi, kusoma Kiswahili kukawa ni sawa na kusomea ualimu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mlango huo mmoja hautoshi tena.

Yafaa kwanza kutazama hali ya ualimu wenyewe. Mwajiri mkuu ni Tume ya Huduma za Walimu, nayo huajiri kwa kadiri ya fedha inazotengewa, wala si kwa kadiri ya idadi ya wanaohitimu. Ndiyo maana mwalimu aliyekwisha kusajiliwa aweza kungoja miaka kadhaa kabla ya kuitwa kazini. Walimu wanagenzi walioingia sekondari msingi mwaka 2023 walilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Naye mhitimu wa shahada ya sanaa asiye na mafunzo ya ualimu hana budi kurudi chuoni kuyatafuta ndipo asajiliwe. Mwanafunzi astahili kuelezwa mambo haya katika mwaka wa kwanza, si siku ya mahafali.

Nje ya darasa, mahitaji ya Kiswahili ni makubwa. Lugha hii imetumika katika mijadala ya Bunge tangu mwaka 1974. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yaitambua kuwa lugha ya taifa, na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 50 champa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Hata hivyo, kuwapo kwa kazi si sawa na kuwapo kwa ajira. Aghalabu ukalimani mahakamani huwa ni nyongeza katika majukumu ya karani, na tafsiri ofisini hukabidhiwa mfanyakazi yeyote "anayejua Kiswahili". Kinachodhaniwa kuwa cha kila mtu hakipangiwi bei. Ujira huwa mdogo kwa sababu mwajiri hajaonyeshwa tofauti iliyopo baina ya msemaji wa lugha na mtaalamu wake.

Tofauti hiyo ipo, na yaweza kuonyeshwa kwa mfano mmoja. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Mshtakiwa amekwisha kufunguliwa mashtaka. Mdaiwa ameshtakiwa katika kesi ya madai. Atakayeyachanganya maneno haya katika hati atakuwa amebadilisha hali ya mtu mbele ya sheria. Mwajiri akielewa hasara hiyo, hatauliza tena kwa nini mfasiri alipwe.

Kutokana na hayo, mhitimu mpya ana mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni kujipatia lugha ya tatu. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Mwaka huo huo Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Mwenye Kiswahili na Kiingereza pekee hushindana na umati. Akiongeza Kifaransa, washindani hupungua. La pili ni kuchagua uwanja mmoja wa maarifa, mathalani sheria, afya au fedha, na kuimudu istilahi yake. La tatu ni kuwa na kazi za kuonyesha, na kupatana malipo kwa maandishi, kwa neno au kwa ukurasa, kabla ya kuanza kazi yoyote.

Lakini si haki kumtwika mhitimu mzigo wote. Mwanafunzi aweza kumaliza miaka minne akiwa amechambua fonolojia, sintaksia na riwaya, bila kutafsiri hata mara moja hati ya kurasa kumi kwa muda uliowekwa, wala kuhariri mswada wa mwenziwe. Nadharia haipunguzwi thamani kwa kutiwa katika matendo. Kinyume chake, mofolojia ndiyo imwezeshayo mfasiri kuunda istilahi inayokubalika. Idara ikiwatahini wanafunzi kwa kazi za namna hii, kila mmoja atatoka na shahada mkononi pamoja na kazi alizozifanya. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika soko la ajira, hata kizuri chahitaji kwanza kuonekana.