Je, Wajua? Geti Hufunguliwa na Mlio wa Simu

Katika majengo mengi ya ghorofa nchini Marekani na Kanada, kisanduku kilichobanwa ukutani getini ni simu kamili. Mgeni hubonyeza namba fupi ya mwenyeji wake, nacho kisanduku humpigia mwenyeji, hata akiwa safarini. Akishaitambua sauti ya mgeni, mwenyeji hubonyeza tarakimu moja, mara nyingi 9, na kufuli huachia.

Kinachofungua ni mlio. Kila kitufe cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja. Ya 9 ni ya hezi 852 na hezi 1477. Ni nadra sana sauti ya mtu kuigonga jozi hiyo sawasawa, ndiyo maana mazungumzo hayafungui geti. Kampuni ya simu ya Bell iliwafikishia wateja milio hii Novemba 1963, huko Pennsylvania. Simu za intaneti zinazobana sauti huweza kuiharibu, na hapo mwenyeji atabonyeza 9 mpaka achoke.

Anayeupanga mfumo huingiza namba kuu ya siri, kisha namba fupi ya kila nyumba, namba ya simu ya mkazi, na sekunde ambazo kufuli litabaki wazi. Namba fupi isifanane na namba ya mlango, ili mpita njia asijue nani anaishi wapi. Na namba kuu iliyowekwa kiwandani ibadilishwe siku ileile: imechapishwa katika vijitabu vya maelekezo, na yeyote anaweza kuisoma.