Kioo cha Kamio ya Zamani ya Jeshi Wakati wa Baridi



Katika somo la fizika tunajifunza kwamba mvuke ukikutana na kitu cha baridi unageuka maji. Wengi wanafikiri neno hili linabaki ubaoni. Hapana. Kuko mashofere wanaolihitaji kila asubuhi, na wasipolifuata, watu wanaweza kufa.

Tumechagua mfano wa kamio ya jeshi la Marekani inayoitwa M35. Ilianza kazi karibu na mwaka 1950. Ina ekseli tatu, na zote zinavuta. Bila mzigo ina uzito wa karibu tani 6. Kiisha kutumika jeshini, nyingi ziliuzwa kwa raia, na mpaka leo kuko watu kule wanaoziendesha katika theluji. Lakini kabini yake imefunikwa kwa bashi tu, kioo cha mbele ni vipande viwili bapa, na mashini ya kutia joto haikuwekwa katika kila kamio.

Sasa fanyeni hesabu. Kamio ikienda kilometa 50 kwa saa, inapita karibu metri 14 kwa segonde moja. Shofere asipoona kwa segonde tatu, kamio imekwisha kupita metri 42 kama kipofu. Hii njo sababu ya kuandika habari hii.

Kioo kina adui wawili: mmoja yuko ndani, mwingine yuko inje. Kila mmoja ana dawa yake, na hapana kuzichanganya.

1. ADUI WA NDANI: UKUNGU

Hewa ya joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Metri kubu moja ya hewa kwenye digrii 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za mvuke. Kwenye digrii 0 inaweza kubeba karibu gramu 5 tu. Basi zile gramu 12 zinakwenda wapi? Zinashika kitu chenye baridi kupita vyote, ndiyo kioo.

Na mvuke unatoka wapi? Unatoka katika pumzi zetu, katika makoti yaliyoloa, katika theluji iliyoshika viatu. Basi dawa ni kama hivi:

a) Kung'uteni viatu mbele ya kupanda. Nguo zilizoloa ziwekwe nyuma, si ndani ya kabini.

b) Fungueni kidogo vioo vya pembeni, vya pande zote mbili, ili mvuke utoke. Watu wanaogopa baridi na kufunga kila kitu, kumbe wanafungia maji ndani. Kama hakuna mashini ya joto, ni afazali kuvaa nguo nzito na kuacha hewa ipite.

c) Kama mashini ya joto iko, upepo wake uelekezwe kwenye kioo mbele ya kuondoka, si njiani.

d) Hapana kupangusa kwa mkono. Mkono una mafuta, na usiku taa za gari lingine zikipiga pale, shofere anaona mwanga mweupe tu. Tumieni kitambaa kikavu na safi.

e) Mashofere wengine wanapaka sabuni kidogo sana, kiisha wanasugua mpaka kioo kikauke na kung'aa. Sabuni haizuii maji kuja, lakini inayafanya yalale bapa pahali pa kusimama matone matone. Matone njo yanayotawanya mwanga.

2. ADUI WA INJE: BARAFU

Usiku mbingu ikiwa bila mawingu, kioo kinapoteza joto lake na kuwa baridi kupita hewa yenyewe. Kwa hiyo asubuhi barafu nyembamba inaweza kuonekana hata kama hewa haijafika digrii 0. Dawa:

a) Jioni funikeni kioo kwa bashi ao kwa karto. Kazi ya dakika mbili jioni inaokoa kazi ndefu asubuhi.

b) Simamisheni kamio ikitazama mashariki, ili jua la kwanza lipige kioo.

c) Kwanguleni kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu. Kisu kinaacha mikwaruzo isiyotoka tena.

d) Nyunyizeni alkoli iliyochanganywa na maji, sehemu mbili za alkoli kwa sehemu moja ya maji. Mchanganyo huu haugandi hata kwenye digrii 20 chini ya sifuri. Lakini angalieni: unashika moto upesi, na alkoli nyingine inayouzwa kwa kazi hii ni sumu, inaharibu macho na kuua. Si kitu cha kuonja.

e) Hapana kumwanga maji ya moto. Upande wa inje wa kioo unapanuka ghafula, na upande wa ndani ungali baridi. Kioo kinapasuka.

f) Hapana kuacha motere inaunguruma ndani ya garaji iliyofungwa ili kamio ipate joto. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, haamki tena.

3. ESUIGLASI

Esuiglasi, ile mikono inayofuta kioo, ina historia yake. Mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Anderson, alikuwa katika mji wa New York wakati wa baridi. Aliona dereva wa tramu akihangaika kuona njia juu ya theluji. Akafikiri mkono wa kufutia kioo ambao dereva angeuendesha akiwa ndani, na serkali ya Marekani ikamwandikia haki ya uvumbuzi ule mwaka 1903.

Katika M35 esuiglasi inasukumwa na upepo wa kompresere, ule ule unaosaidia freni. Hapa kuko hatari iliyofichwa. Upepo ule una mvuke ndani, na mvuke unageuka maji chini ya tanki. Yakiingia katika tuyo na kuganda, esuiglasi inasimama, na freni nayo inaweza kuharibika. Kwa hiyo kila jioni shofere anafungua robine chini ya tanki, maji yatoke. Asubuhi anangoja mpaka upepo ujae ndipo aondoke. Tena anainua mipira ya esuiglasi usiku isigande kwenye kioo. Ikiwa imeganda, hapana kuilazimisha.

4. NA SISI?

Kwetu Kivu hakuna theluji barabarani, iko juu kabisa ya Ruwenzori tu. Lakini katika milima ya Lubero mvua na ukungu tunavijua, na adui wa ndani ni yule yule. Watu watano wakisongana katika kabini, nguo zimeloa, vioo vimefungwa, shofere hataona kona. Mara nyingi ni sisi abiria tunaompigia kelele: "Twende, usiku unaingia!"

Basi tunapokwenda na kwaya ao na timu ya mpira, tushike mambo matatu: watu wasizidi katika kabini, kioo cha pembeni kifunguliwe hata kama mvua inatunyeshea kidogo, na mtu asimsukume shofere kuondoka kama kioo hakijawa safi.

Anayekuwa na mashaka ajaribu: chukueni kioo cha kujitazama, pakeni sabuni nusu yake, sugueni mpaka ing'ae, kiisha pumueni juu ya kioo chote. Mtaona wenyewe tofauti ya nusu zile mbili.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita,
kwa jina la wenzake