Mabingwa wa Baiskeli: Nani Astahili Kusimama Mbele ya Safu?

Mnamo tarehe 28 Septemba, 2025, barabara za Kigali, mji mkuu wa jirani zetu wa Rwanda, zilishuhudia jambo ambalo halikuwa limepata kutokea katika bara letu. Kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika katika ardhi ya Afrika. Wanaume walitakiwa kwenda mwendo wa kilomita 267 na nusu, wakipanda na kushuka vilima vya mji ule, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wa kwanza wao alikuwa Tadej Pogačar, kijana wa Slovenia, ambaye alianza kushambulia zikiwa zimesalia kilomita zipatazo mia moja, na zile sitini na zaidi za mwisho akazimaliza peke yake.

Baada ya tendo kama hilo, haikosi ubishi kuzuka. Mmoja husema kwamba mwendeshaji mkubwa kuliko wote tangu dunia iumbwe ndiye huyu. Mwingine humjibu kwamba asiyewajua wa zamani asiwasifu wa sasa kupita kiasi. Sisi ambao baiskeli twaijua kwa doria za vijijini na kwa kubeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni tumeona si vibaya kuingia katika ubishi huo. Lakini tutaingia kwa utaratibu, kama ifanyavyo kamati ya kupandisha vyeo: kwanza kanuni, kisha majina.

Kanuni tatu

Kanuni ya kwanza ni ushindi mkubwa. Katika mchezo huu yako mashindano matatu yanayochukua majuma matatu kila moja, nayo ni Tour de France, iliyoanzishwa mwaka 1903, Giro d'Italia ya mwaka 1909, na Vuelta a España ya mwaka 1935. Kando ya hayo yako mashindano ya siku moja, ambayo mengine yana umri wa zaidi ya miaka mia, na ubingwa wa dunia. Asiyeshinda katika hayo hawezi kuhesabiwa.

Kanuni ya pili ni upana wa uwezo. Askari hodari wa msituni huenda akashindwa jangwani. Vivyo hivyo yuko mwendeshaji anayepaa milimani lakini katika barabara za mawe huanguka, na yuko mwenye mbio tambarare ambaye mlima humwacha nyuma. Twamtafuta aliyeweza yote.

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni hali ya wakati wake. Vitabu vya kumbukumbu huandika idadi ya ushindi. Haviandiki miaka ambayo mtu alinyang'anywa. Wasomaji wetu, ambao kazi yao ni kutii amri hata pale inapowagharimu, watakuwa wa kwanza kuona kwamba kanuni hii si ndogo.

Nambari ya kwanza haina ubishi

Kwa kanuni mbili za mwanzo, mbele ya safu anasimama Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1945. Tour alishinda mara tano, Giro mara tano, na Vuelta mara moja. Jumla kumi na moja, na hakuna mwingine aliyeifikia. Ubingwa wa dunia wa wanaolipwa aliutwaa mara tatu, miaka ya 1967, 1971 na 1974. Mashindano ya Milano hadi San Remo, ambayo wengi hufurahi kuyashinda mara moja maishani, yeye aliyashinda mara saba. Tarehe 25 Oktoba, 1972, katika mji wa Mexico, alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja, peke yake, bila wa kumkinga upepo.

Wenzake walimpa jina la Mla Watu, kwa kuwa hakuwaachia hata makombo. Katika Tour ya mwaka 1969, ambayo ilikuwa yake ya kwanza, hakutosheka na jezi ya manjano ya mshindi. Alitwaa pia ya kijani ya pointi na ubingwa wa milima, na aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa karibu dakika kumi na nane. Mtu wa namna hiyo hahitaji wakili.

Miaka iliyomezwa na vita

Nafasi ya pili ndiyo inayogawanya watu. Wapenda hesabu humweka Bernard Hinault wa Ufaransa. Alishinda Tour mara tano, Giro mara tatu na Vuelta mara mbili. Jumla kumi, pungufu ya Merckx kwa moja tu. Tena alikuwa mtu wa moyo mgumu. Mwezi wa Aprili, 1980, katika mashindano ya Liège hadi Bastogne na kurudi, theluji iliwaangukia wakimbiaji 174 hata wengi wakakimbilia motoni na mahotelini. Waliomaliza walikuwa 21. Hinault alifika wa kwanza, dakika tisa na zaidi mbele ya wa pili, na vidole vyake havikupona sawasawa baada ya baridi ile.

Hata hivyo sisi twamweka wa tatu, na nafasi ya pili twampa Fausto Coppi wa Italia. Sababu zetu ni hizi.

Tarehe 9 Juni, 1940, Coppi alishinda Giro yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 20. Kesho yake nchi yake iliingia vitani. Tangu hapo Giro haikufanyika tena hadi mwaka 1946, na Tour haikufanyika hadi mwaka 1947. Kijana yule alivaa sare, akapelekwa Afrika ya Kaskazini, na mwaka 1943 akatekwa na Waingereza katika Tunisia, akakaa kizuizini. Miaka ambayo Merckx alikuwa akivuna, kuanzia ishirini na moja hata ishirini na sita, vita vilimharibia Coppi.

Na bado aliporudi alishinda Giro mara nne nyingine, ikawa tano. Mwaka 1949 alishinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwa limefanywa na yeyote, na mwaka 1952 akalirudia. Mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia. Yeyote apendaye hesabu na aongeze mwenyewe ile miaka mitano iliyomezwa, kisha aseme kama Hinault angebaki mbele.

Mwisho wake pia unatuhusu sisi wa Afrika. Mwezi wa Desemba, 1959, alikwenda Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Aliporejea kwao homa ilimshika. Mwenzake, Mfaransa Raphaël Géminiani, aliugua vile vile. Madaktari wa Ufaransa wakaitambua malaria, naye akapona. Wale wa Italia hawakuitambua. Coppi alikufa tarehe 2 Januari, 1960, akiwa na umri wa miaka 40, kwa ugonjwa ambao kuruta yeyote wa kwetu angeuhisi tangu tetemeko la kwanza.

Tukiwa tunasema juu ya vita, haifai kuwasahau waliotangulia. Lucien Petit-Breton alishinda Tour miaka ya 1907 na 1908. François Faber mwaka 1909. Octave Lapize mwaka 1910. Faber aliuawa mwaka 1915 akiwa katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Lapize, aliyekuwa rubani, ndege yake ilitunguliwa tarehe 14 Julai, 1917. Petit-Breton alikufa mwaka huo huo katika ajali ya gari akiwa kazini vitani. Washindi watatu waliofuatana, na wote vita viliwachukua. Hakuna kipimo kinachoweza kuwapa nafasi yao ya haki, ila twawapigia saluti.

Wa nne na wa tano

Wa nne, kwa sasa, ni yule yule bingwa wa Kigali. Hadi mwisho wa mwaka 2025 Pogačar alikuwa ameshinda Tour mara nne, Giro mara moja, na ubingwa wa dunia mara mbili. Mwaka 2024 alitwaa Giro, Tour na ubingwa wa dunia pamoja, kama alivyofanya Merckx mwaka 1974 na Stephen Roche wa Ireland mwaka 1987. Twasema kwa sasa kwa sababu askari hapewi hesabu ya utumishi wake kabla hajastaafu. Yamkini atapanda; ila cheo hutolewa kwa yaliyotendwa, si kwa yanayotarajiwa.

Wa tano ni Jacques Anquetil wa Ufaransa, mtu wa kwanza kushinda Tour mara tano na wa kwanza kushinda mashindano yote matatu makubwa. Karibu naye sana yuko Miguel Indurain wa Hispania, aliyeshinda Tour tano mfululizo kuanzia mwaka 1991 hadi 1995. Nyuma yao yuko Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, mwenye Tour nne.

Jina lililofutwa

Msomaji atauliza: je, Lance Armstrong wa Marekani, aliyepokea ushindi wa Tour mara saba, kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, yuko wapi? Jibu ni kwamba hayumo katika orodha ya majina. Mwezi wa Oktoba, 2012, alivuliwa ushindi wote saba kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na mwezi wa Januari, 2013, akakiri mwenyewe mbele ya dunia.

Hapa yuko atakayetushika koo, na ana haki. Atasema: Merckx naye alikutwa na dawa katika vipimo mara tatu, miaka ya 1969, 1973 na 1977, Anquetil hakuficha kwamba wakimbiaji wa siku zake walitumia, Coppi naye alikiri. Mbona hao mwawaacha safuni?

Hatutalikwepa swali hilo. Ile ya mwaka 1969 Merckx aliikana daima, lakini mambo hayo yote yameandikwa, na hatuyafuti. Katika siku za Coppi hapakuwa na sheria iliyokataza. Sheria ya Ufaransa ilikuja mwaka 1965. Waliokutwa baada ya hapo walipewa adhabu ya wakati wao. Armstrong alifanya zaidi ya kumeza dawa. Alikana hata chini ya kiapo, na kwa miaka mingi aliwaandama waliosema ukweli, akiwapeleka mahakamani na kuwaharibia jina. Askari aliyekosa huadhibiwa, kisha hurudi kikosini. Askari aliyeapa uongo na kuwageukia mashahidi, huyo sare haimfai tena. Hiyo ndiyo tofauti, nasi twaona yatosha.

Aliyebeba kisichoonekana

Nafasi ya sita twampa Gino Bartali, mpinzani mkubwa wa Coppi. Ushindi wake si haba: Giro tatu, na Tour mbili zilizoachana kwa miaka kumi, mwaka 1938 na mwaka 1948, na vita katikati. Lakini heshima yake kuu haikupatikana mashindanoni. Wakati wa vita alikuwa akitoka Florence kwa baiskeli, akisema kwamba anafanya mazoezi, na ndani ya bomba la baiskeli zilikuwamo karatasi za kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wakiwindwa wauawe. Angekamatwa, angekufa. Vita vilipokwisha hakupenda kulisema jambo hilo. Alifariki mwaka 2000, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ikampa heshima ya watu waadilifu.

Wasiohesabiwa

Tumalizie na wale ambao hawamo katika orodha yoyote. Kila bingwa tuliyemtaja alikuwa na wenzake wa kumkinga upepo, kumletea maji, na kumpa gurudumu lake lilipopasuka. Waitalia huwaita gregari, neno lililotokana na jina la Kirumi la askari wa kawaida asiye na tepe.

Mwaka 1934, katika milima ya Pyrenees, kijana wa miaka 20 aitwaye René Vietto alikuwa akienda vizuri katika Tour. Kiongozi wa kikosi chake, Antonin Magne, akaharibikiwa na gurudumu. Vietto alimpa lake, akaketi ukutani kando ya barabara akilia, akingoja gari la msaada. Siku iliyofuata Magne aliharibikiwa tena. Vietto alikuwa mbele. Aligeuza baiskeli, akarudi kuupanda mlima aliokwisha kuushuka, akampa baiskeli yake. Magne akashinda Tour ile. Vietto akawa wa tano, na Tour hakuishinda maisha yake yote.

Basi, ndugu wasomaji, safu yetu ndiyo hiyo: Merckx, Coppi, Hinault, Pogačar, Anquetil, Bartali. Anayeona tumekosea na atuletee safu yake, pamoja na sababu. Ila tungependa, kabla hajaanza kuhesabu vikombe, ajiulize pia ni nani aliyekaa ukutani akilia ili vikombe hivyo vipatikane.