Fahamu: Majibu ya DNA na asili ya Wamanyema

Kipimo cha DNA cha ukoo hulinganisha vinasaba vilivyomo katika mate ya mtu na vya wengine waliopimwa. Majibu huleta makadirio ya asili na orodha ya jamaa.

Pa kuanzia

Asilimia za asili huvutia macho, lakini orodha ya jamaa ndiyo yenye thamani zaidi. Binamu wa kwanza hushiriki takriban asilimia 12.5 ya DNA.

Upande wa baba, upande wa mama

Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama. Kwa mfano, utafiti wa mabaki ya Waswahili wa kale, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ulionesha asili ya Uajemi hasa upande wa akina baba, na ya Afrika upande wa akina mama.

Kwa nini Maniema

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa kupitia Nyangwe na Kasongo iliwafikisha Wamanyema, yaani watu wa Maniema, mashariki mwa Kongo, hadi Ujiji na Zanzibar. Wakongo waliopimwa bado ni wachache, hivyo majibu hayawezi kutaja mji mahususi wa Maniema, kwa mfano Kindu. Ni muhimu wazee wapimwe mapema: mtoto hurithi nusu tu ya DNA ya kila mzazi.