Elimu ya Wanawake na Jinsia: Yamfaa Nini Mchungaji?

Tumeulizwa swali hili mara nyingi, na wanaouliza si watu wa kubezwa. Ni wachungaji wenzetu wanaokuja chuoni kwa kozi fupi, ni wajumbe wa halmashauri, na mara nyingine ni wanafunzi wenyewe wanapoisoma ratiba ya muhula. Husema: mwanafunzi wa theolojia ana Kiebrania na Kiyunani mbele yake, ana Mafundisho ya Imani, ana Historia ya Kanisa na Liturgia, na miaka yake chuoni ni michache. Kwa nini basi aongezewe somo la wanawake, jinsia na ujinsia, ambalo vyuo vikuu vya nchi nyingine vinalifundisha kwa sababu zao, na ambalo masikioni mwa wengi wetu lasikika kama ugomvi wa watu wa mbali uliobebwa hadi nyumbani kwetu?

Katika makala hii tunakusudia kueleza somo hilo ni nini na lilitoka wapi. Tunakusudia pia kuonyesha kwa nini sisi tunaofundisha tumefikia kuamini kwamba mchungaji asiyejifunza maswali ya somo hili huyajibu vivyo hivyo kila juma katika huduma yake, ila huyajibu bila kujua kwamba anajibu.

Maneno matatu

Yatupasa kuanza na maneno, kwa kuwa nusu ya mabishano yetu hutoka hapo. Jinsi ni maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo, ya kiume au ya kike. Jinsia ni yale ambayo jamii huyajenga juu ya maumbile hayo: kazi, heshima, mali, mahali pa kuketi, haki ya kusema katika kikao. Ujinsia ni habari yote ya mwili katika mapenzi, yaani tamaa, ndoa, uzazi, pamoja na aibu na siri zinazoambatana nayo. Tunajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika fomu za ofisi, neno jinsia hutumika kwa yote mawili ya kwanza. Tunajua pia kwamba katika sharika nyingi "mambo ya jinsia" humaanisha tu mambo ya akina mama, kana kwamba baba hana jinsia.

Mfano mmoja watosha. Kunyonyesha mtoto ni jambo la jinsi. Lakini Kilimanjaro, kwa muda mrefu, kahawa ilihesabiwa kuwa zao la baba na ndizi zikawa za mama, ingawa mimea hiyo miwili huota katika kihamba kimoja na mama hupalilia yote. Hilo ni jambo la jinsia. Wazee walipolieleza waliliita mila. Lakini kahawa ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19! Mila hiyo, basi, haikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya makanisa yetu. Mtu aliyejifunza somo hili huuliza: desturi hii ilianza lini, na ilipoanza ni nani aliyepata fedha? Kuuliza hivyo si kuidharau mila. Mwanahistoria wa Kanisa huziuliza liturgia zetu maswali ya namna hiyo hiyo, wala hatumwiti mpinga dini.

Asili ya somo hili

Programu ya kwanza ya masomo ya wanawake katika chuo kikuu cha Marekani ilianzishwa San Diego mwaka 1970. Kwa sababu hiyo wengi husema kwamba jambo hili ni la Wamarekani. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kikundi cha wanawake watafiti tangu mwaka 1980, kikichunguza kazi na maisha ya wanawake wa nchi hii na kukusanya maandishi juu yao. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, na mwaka uliofuata ikafungua idara ya masomo ya wanawake. Aidha, upinzani mkali dhidi ya kuiga mawazo ya Ulaya ulitoka ndani ya somo lenyewe. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alidai kwamba Wayoruba wa kale walipanga jamii yao kwa ukubwa wa umri kuliko kwa uume na uke, na kwamba lugha yao yenyewe yashuhudia hivyo. Wanazuoni wengine hawakukubaliana naye. Sisi nasi, ambao lugha yetu ina "yeye" moja kwa wote, hatuoni kwamba lugha ya namna hiyo inatosha kuleta haki. Lakini hoja yake ni ya kujadiliwa darasani, na mwenye kudhani kwamba somo hili lina sauti moja tu hajalisoma.

Upande wa theolojia, wanawake wa Afrika walikutana Accra mwaka 1989 chini ya uongozi wa Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, wakaunda umoja wao wa kuandika na kuchapisha. Miongoni mwao alikuwamo Musimbi Kanyoro wa Kenya, Mlutheri na mtaalamu wa lugha, aliyefanya kazi katika Fungamano la Kilutheri la Dunia. Mwaka 1990 Kanisa letu la KKKT likaamua kwamba wanawake waweza kubarikiwa kuwa wachungaji, ingawa dayosisi hazikutekeleza uamuzi huo kwa wakati mmoja.

Mtume ambaye jina lake lilibadilishwa

Wanafunzi wa Kiyunani watafurahia mfano ufuatao. Katika Warumi 16:7 Paulo anawasalimu Androniko na Yunia, nao wanatajwa pamoja na mitume. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kama Yunia ni mwanamume au mwanamke, kwa maana lugha yetu haionyeshi. Katika Kiyunani jambo lote linategemea alama ya mkazo, na nakala za kale kabisa hazikuwa na alama hizo. Yohane Krisostomo, katika karne ya 4, alimsoma Yunia kuwa mwanamke, akamsifu. Luther alipofasiri Agano Jipya alimfanya mwanamume, na Biblia ya Kijerumani yenye jina lake iliendelea hivyo hadi toleo la mwaka 2017, ambalo limemrudishia Yunia uke wake. Hakuna aliyegundua hati mpya. Kilichobadilika ni kwamba wasomi waliuliza kwa nini jina la kike, lililokuwa la kawaida sana huko Rumi, lisomwe kuwa la kiume ambalo halionekani mahali pengine, na jibu pekee lililobaki lilikuwa kwamba wasomaji hawakutazamia kumkuta mwanamke hapo. Hii ndiyo kazi ya somo tunalolieleza: kuyachunguza matazamio ya msomaji pamoja na maandishi yenyewe.

Wosia wa Luther

Tusimlaumu Luther upesi, kwa maana jambo lililo zito zaidi tumelipata kwake mwenyewe.

Wote tunajua kwamba alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Tunalolifundisha mara chache ni jinsi nyumba ile ya Wittenberg ilivyoendeshwa. Katharina alifuga, alilima, alitengeneza pombe, na aliwapangisha wanafunzi vyumba na kuwalisha. Shamba la Zülsdorf, lililonunuliwa kwa kaka yake, lilikuwa mikononi mwake. Mshahara wa mumewe peke yake usingeibeba meza ile iliyojaa wageni. Mazungumzo maarufu ya mezani yameandikwa vitabu na vitabu, nasi twayanukuu katika mahubiri, lakini ni nadra kuuliza nani alipika.

Luther aliuliza, angalau kwa kalamu. Mwaka 1542 aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, bila kutumia lugha ya wanasheria, ambao hakuwapenda. Alimwachia mkewe shamba, nyumba na vitu vya thamani, akatoa sababu: hakutaka mama awategemee watoto kwa riziki yake, bali alitaka watoto wamtegemee mama yao. Melanchthon na Bugenhagen walikuwa miongoni mwa mashahidi. Sheria ya Saxonia, hata hivyo, haikumpa mjane nafasi kama hiyo. Luther alipofariki mwaka 1546, Brück, aliyekuwa mshauri mkuu wa mtawala, alipinga. Mtawala aliuthibitisha wosia, lakini Katharina na watoto waliwekewa wasimamizi wa kiume. Vita vikafuata, mashamba yakaharibiwa, naye akafa Torgau mwaka 1552 akiwa mkimbizi wa tauni.

Sasa tuweke kando ya wosia huo amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila za Tanganyika kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Katika kanuni zake za urithi, mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ndugu msomaji, hayo ni karibu kinyume kabisa cha maneno ya Luther. Mahakama zetu zimehangaika na jambo hili. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika shauri lililotoka Bukoba kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo aweza kuiuza kama mwanamume, akitegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Lakini mwaka 2006, wajane wawili walipozipinga kanuni za urithi zenyewe, Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi ila haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikaona kwamba wajane hao walivunjiwa haki zao.

Hapa hatuna budi kusema habari yetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika usharika, tulimzika mzee wa kanisa aliyeheshimiwa. Tulihubiri juu ya ufufuo, na tuliambiwa kwamba mahubiri yalifariji. Siku ya tatu tulialikwa kufunga kwa maombi kikao cha ukoo. Katika kikao hicho ilitangazwa kwamba nyumba ni ya mdogo wa marehemu, na kwamba mjane, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, angerudi kwao baada ya mavuno. Mjane aliketi chini karibu na mlango. Hakuna aliyemwuliza neno. Sisi tulisimama, tukaomba, tukamshukuru Mungu kwa amani ya ukoo, tukala, tukaondoka. Hatukudhani kwamba tumechukua upande wowote. Mama yule hakuja tena kanisani kwetu, nasi tuliandika katika kitabu cha usharika kwamba amehama.

Tulikuwa na cheti cha theolojia chenye alama nzuri. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kutazama nani ameketi wapi.

Kitabu cha nidhamu

Kuhusu ujinsia, wengi wanapolisikia neno hili hufikiri mara moja juu ya mjadala wa ndoa za watu wa jinsi moja, ambao makanisa ya Kilutheri duniani hayajapatana juu yake. Mjadala huo upo, na mwanafunzi sharti aujue. Lakini si huo unaogonga mlango wa ofisi ya usharika kila juma. Anayegonga ni binti mwenye mimba, ni mama aliyepigwa, ni wachumba wanaoogopa majibu ya kipimo cha UKIMWI.

Tuliwahi kuwapa wanafunzi zoezi la kusoma kitabu cha waliotengwa na kurudi kundini katika usharika mmoja, na kuhesabu majina. Waligundua wenyewe jambo ambalo wazee wote walilijua: kurasa nyingi ni za wasichana. Wanaume waliohusika hawamo, kwa kuwa dhambi yao haikuonekana tumboni. Hakuna mzee aliyekusudia kuwaonea mabinti. Utaratibu uliadhibu kile kilichoonekana. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kitabu kile hakiandiki uzinzi, kinaandika mimba. Hatujaona uchambuzi bora zaidi wa jambo hilo katika kitabu chochote cha chuo kikuu.

Tangu hapo, kila mwanafunzi anayekwenda mazoezini katika usharika hupewa maswali manne ya kubeba: nani anasema katika kikao, nani anafanya kazi, nani anamiliki, nani ameandikwa katika vitabu na kwa sababu gani. Hakuruhusiwi kutoa ushauri wowote kwa mwezi wa kwanza. Ni kutazama tu na kuandika.

Mmoja wao aliusoma wosia wa Luther mbele ya baraza la wazee, akaeleza habari za Katharina. Mzee mmoja alisema kwamba Luther alikuwa Mjerumani na hakuwa na ukoo wa kujibu. Kikao kilicheka, naye mwanafunzi hakubishana. Baada ya kufunga kwa maombi, wazee wawili walibaki nyuma, wakamwuliza kwa sauti ya chini wosia huandikwaje, na kama mchungaji aweza kuwa shahidi.